Kuandaa mdahalo wa sekondari kuhusu Indonesia na amani ya Palestina

Mdahalo huu huharibika siku ya kuandika mada. Klabu nyingi huandika, "Je, Indonesia inaisaidia Palestina?" Hapo hakuna cha kubishania, na baada ya wasemaji wawili ukumbi mzima unakuwa Waislamu dhidi ya Wakristo. Andikeni hivi: "Nchi isiyo na uhusiano wa kibalozi na Israel haiwezi kuwa mpatanishi wa amani ya Palestina." Indonesia yenyewe haina uhusiano huo. Mada hii inawalazimu wanafunzi kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa kila siku, yaani kuunga mkono na kupatanisha. Anayeunga mkono amechagua upande na anausema wazi. Mpatanishi ni lazima akubaliwe na pande zote mbili.

Wiki tatu kabla ya siku yenyewe, pigeni kura ya vikaratasi kupata wasemaji watatu kila upande. Msiwaache wajichagulie. Katika shule zetu za Mbeya, Iringa na Njombe, darasa moja lina Wamoraviani, Walutheri, Wakatoliki na Waislamu, na wakijipanga wenyewe watajipanga kwa dini. Waambieni mapema kwamba Wapalestina nao wana Wakristo wao, Bethlehem kwenyewe wakiwemo.

Kisha mwalimu aandae karatasi moja ya tarehe, nakala ileile kwa pande zote. Hii ndiyo kazi kubwa, msiiharakishe. Anzeni na Katiba ya Indonesia ya mwaka 1945, ambayo utangulizi wake unasema uhuru ni haki ya mataifa yote na ukoloni ufutwe duniani. Hapo ndipo msimamo wao unaposimama. Msemaji atakayedai kwamba Indonesia inaitetea Palestina kwa sababu tu ina Waislamu wengi kuliko nchi nyingine yoyote, atakuwa ameiacha hoja yao kuu. Wekeni Mkutano wa Bandung wa tarehe 18 hadi 24 Aprili 1955, ambao wanafunzi wanaufahamu kwenye somo la historia: nchi 29 zilitamka kuunga mkono haki za Waarabu wa Palestina na kutaka suluhu ya amani. Ongezeni tarehe 16 Novemba 1988, Indonesia ilipoitambua Palestina siku moja tu baada ya kutangazwa kuwa dola. Wekeni pia mkutano wa amani ya Israel na Palestina uliofanyika Annapolis, Marekani, Novemba 2007, ambao Indonesia ilihudhuria ingawa Israel ilikuwepo. Na Februari 2024, Retno Marsudi, waziri wa mambo ya nje wa Indonesia wakati huo, alipozungumza mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague kuhusu Israel kuikalia Palestina.

Tukio la Machi 2016 lipeni aya nzima. Marsudi alitaka kwenda Ramallah, yaliko makao ya Mamlaka ya Palestina, kumsimika konseli wa heshima (mwakilishi asiye balozi) wa Indonesia. Njia ya kuingia Ramallah inadhibitiwa na Israel, nayo haikumruhusu, hivyo shughuli ikafanyika Amman, Jordan. Kwa upande unaounga mkono mada, hakuna mfano mzito kuliko huu: unawapatanishaje watu wawili ikiwa huwezi kufika hata nyumbani kwa mmoja wao?

Wapinzani wasikate tamaa, wana Qatar. Haina uhusiano wa kibalozi na Israel, lakini kundi la Wapalestina la Hamas limekuwa na ofisi katika mji wake mkuu, Doha, tangu 2012 na wajumbe wa Israel wameingia huko kujadiliana. Wanaweza pia kutumia kauli ya Rais Prabowo Subianto ya Mei 2025, kwamba Israel ikiitambua Palestina, Indonesia iko tayari kuitambua Israel. Je, hicho ni kizuizi cha mazungumzo au ni chambo chake? Acheni wabishane hapo, maana hapo ndipo penye mdahalo.

Mfano wa nyumbani upo. Balozi Augustine Mahiga, mzaliwa wa Tosamaganga, Iringa, alipokuwa mwakilishi wa Umoja wa Mataifa kwa Somalia alihamishia ofisi Mogadishu Januari 2012, badala ya kuendelea kufanya kazi kutoka Nairobi. Upatanishi unadai kuwepo. Akiwa waziri wa mambo ya nje, mwaka 2018 alifungua ubalozi wa Tanzania Tel Aviv, huku Palestina ikiendelea kuwa na ubalozi Dar es Salaam.

Muda unatosha ndani ya vipindi viwili vya dakika 40: ufunguzi dakika 4, wasemaji sita dakika 5 kila mmoja, maswali ya ukumbi dakika 20, majibu ya mwisho dakika 3 kila upande, majaji dakika 10. Zinabaki 10 za kupanga viti na kuchelewa. Alama ziwe 40 kwa ushahidi, 30 kwa kujibu hoja za wenzao, 20 kwa lugha, 10 kwa kutunza muda. Anayetaja tukio bila mwaka asipewe zaidi ya nusu ya alama za ushahidi. Video ya WhatsApp isiyojulikana ilirekodiwa wapi na lini haihesabiki. Mwenyekiti aseme hivyo tangu mwanzo, la sivyo mtapoteza robo saa kuibishania.

Kwa shule za Tukuyu na Rungwe yote: Machi na Aprili msipange mchana chini ya bati lisilo na dari. Mvua ikianza, hata msemaji mwenye sauti nene hasikiki mstari wa tatu. Pangeni vipindi vya asubuhi.