Kufuatilia mapigo ya moyo ya fundi aliye ndani ya suti iliyofungwa

Fundi anayepiga mchanga, yaani kuurusha kwa nguvu ya hewa ili kung'oa kutu, ndani ya tangi la meli, kama zile zinazotengenezwa Mwanza Kusini, huvaa suti nzito na kofia ya kuvutia hewa ya bomba. Jasho halikauki, joto halitoki, na uso wake huuoni. Wanaanga walitangulia kuonja shida hii. Juni 1966 Eugene Cernan alitoka nje ya chombo cha Gemini 9A. Mapigo yake yakafika kama 180 kwa dakika, kioo cha kofia kikajaa ukungu. Madaktari waliyasoma mapigo hayo wakiwa Houston, Marekani. Sisi ya fundi tunayasoma tukiwa mlangoni mwa tangi.

Hatua ya 1: Mkanda. Chukua mkanda wa kifuani unaosoma umeme wa moyo. Saa ya mkononi husoma kwa mwanga, na jasho, glavu na mtikisiko wa bomba huivuruga. Lowesha mkanda kwa maji kabla ya kuufunga.

Hatua ya 2: Kikomo. Chukua 180, toa umri. Mwenye miaka 40 kikomo chake ni 140. Mapigo yakikaa juu ya hapo dakika kadhaa mfululizo, anatoka. Yakiruka kidogo akipanda ngazi, mwache. Anayemeza dawa za presha zinazopunguza mapigo aonane kwanza na daktari, maana hesabu hii itamdanganya.

Hatua ya 3: Mawimbi. Hapa ndipo wengi hukwama. Bluetooth inayoleta mapigo kutoka kwenye mkanda hadi kwenye skrini hushika vizuri uwanjani, lakini hupotea fundi akishaingia, kwa sababu chuma huzuia mawimbi. Ning'iniza kipokezi kwenye tundu la kuingilia, kisha jaribu kila kona kabla kazi haijaanza. Kwenye tangi linalopakwa rangi usifanye hivyo: mvuke wa rangi hulipuka, na kifaa chochote cha betri, hata mkanda wenyewe, lazima kiwe kimethibitishwa kwa mazingira hayo.

Ishara ikikatika, ihesabu kuwa hatari. Vuta mara tatu kamba aliyofungwa fundi, kama mlivyokubaliana. Asipojibu, kikosi cha uokoaji kiingie na hewa yake.

Hatua ya 4: Mtu wa skrini. Asiwe na kazi nyingine, na awe na ruhusa ya kumtoa fundi bila kumwomba fomeni, ambaye siku zote ana haraka. Akimtoa, azime mashine ya mchanga, kamwe si kompresa ya hewa ya kuvuta! Fundi akianza kujibu ovyo redioni, atolewe hata kama namba ni nzuri.

Hatua ya 5: Akitoka. Soma mapigo dakika moja baada ya kuacha kazi. Yakizidi 120, zamu ijayo ifupishwe. Mpime uzito kabla na baada. Wa kilo 70 aliyepungua zaidi ya kilo moja hakunywa maji ya kutosha.

Daftari la vipimo hivi likae kwa muuguzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, kwa hiyo usizirushe kwenye grupu la WhatsApp la kazini.