Kuhamisha rekodi za MARC-8 kwenda UTF-8 bila kuharibu majina ya watu

Kabla hujagusa faili la rekodi za zamani za katalogi ya maktaba, tafuta humo jina moja lenye alama juu ya herufi ulitazame kwa makini. Mimi hutafuta José. Likitokea kwenye skrini kama "Josâe", faili bado ni MARC-8, njia ya zamani ya maktaba ya kuhifadhi herufi kwa baiti, na programu yako inalisoma kama Latin-1, njia nyingine ya namna hiyo. Likitokea kama "JosÃ©", faili limeshakuwa UTF-8, njia ya kuhifadhi herufi za Unicode, kosa ni la programu tu. Hilo usilibadilishe tena, utaliharibu.

Mfumo wa MARC, wa kuandika rekodi za katalogi ili kompyuta izisome, ulibuniwa miaka ya 1960 katika Maktaba ya Bunge la Marekani, kazi iliyoongozwa na Henriette Avram, Unicode, orodha inayoipa kila herufi ya lugha za dunia namba yake, ikiwa bado haijazaliwa. Katika MARC-8 alama hutangulia herufi yake: kwanza baiti E2, halafu e. Unicode imegeuza: e kwanza, kisha alama U+0301. Kwa hiyo kubadilisha baiti moja moja hakutoshi, kwa sababu hata mpangilio unageuka.

Sasa tazama lida, yaani herufi 24 za mwanzo wa rekodi. Ukihesabu kuanzia 00, nafasi ya 09 ikiwa wazi ni MARC-8, ikiwa na a ni Unicode. Lakini usiiamini peke yake. Niliwahi kupokea faili ambalo mtu alikuwa ameandika a kila rekodi bila kugusa baiti zenyewe. Nililiingiza vivyo hivyo, na waandishi wenye majina ya Kihispania na Kifaransa wakawa hawapatikani. Iliniuma sana, mwandishi asiyetafutika kwenye katalogi ni kama hayumo maktabani. Tangu hapo naanza na José, lida baadaye.

Ukishajiridhisha kuwa ni MARC-8, weka nakala ya faili pembeni, kisha andika amri hii ya programu ya yaz-marcdump kwenye dirisha la amri:

yaz-marcdump -f MARC-8 -t UTF-8 -o marc -l 9=97 zamani.mrc > mpya.mrc

Hiyo 97 ni namba ya herufi a, itakayowekwa kwenye nafasi ya 09. Usijaribu kurekebisha faili la .mrc kwa programu ya kawaida ya kuandikia. Tarakimu tano za mwanzo hutaja urefu wa rekodi kwa baiti. Ukiongeza hata baiti moja kwa mkono, hesabu yote inayumba.

Baadaye fungua uga wa 880, yaani sehemu ya rekodi penye maandishi ya Kiarabu na mengineyo. Ukikuta "(3" imebaki, ikifuatwa na herufi zisizosomeka, ujue baiti 1B iliyotangulia, ambayo katika MARC-8 hutangaza kuwa aina ya maandishi inabadilika, ilipotea njiani kabla hujaanza. Hapo dawa ya uhakika ni kuomba faili la asili.

Mwisho, tafuta José mara mbili kwenye katalogi: kwa é moja ya U+00E9, na kwa e yenye U+0301. Majibu yakitofautiana, mwombe msimamizi wa mfumo aweke faharasa yote katika muundo wa NFC, unaounganisha herufi na alama yake kuwa kitu kimoja inapowezekana, pamoja na maneno wanayoandika wasomaji wanapotafuta.