Somo: Wiki mbili za kwanza bila ugali

Habari za saa hizi wapendwa. Somo hili la kuanza kula bila wanga nililiahidi muda mrefu, ila kila nikishika simu mteja anaita.

Kwa wasionijua, mimi ni mama lishe, kibanda changu kiko Buguruni, Dar es Salaam. Saa kumi alfajiri nakanda chapati, saa sita mchana nina sufuria mbili za wali na moja ya ugali. Kwa hiyo wanga niliuacha huku nikiwa nimesimama katikati yake, mikono imejaa unga. Mara mbili nilianza nikaangukia siku ya nne. Mara ya tatu nikavuka. Msije mkadhani nilipata moyo wa chuma. Vilivyobadilika ni viwili tu: chumvi, na ukubwa wa bakuli la mboga.

HATUA YA KWANZA: Dawa kwanza, sufuria baadaye

Hapa sina utani. Kama unachoma insulini, au unameza vidonge vya kisukari vya aina ya glibenklamidi, usipunguze hata tonge moja kabla hujaongea na daktari wako. Dawa hizo zimepimwa kwa mtu anayekula wanga. Ukiutoa wanga na dozi ikabaki ileile, sukari inashuka hadi unaanguka, na ikitokea usiku ndiyo mbaya zaidi. Kuna vidonge vingine vya kisukari ambavyo jina kwenye boksi huishia na -gliflozin. Hivyo vikikutana na chakula cha namna hii vinaweza kuifanya damu iwe na asidi ya hatari. Dawa za presha nazo huenda zikahitaji kupunguzwa, kwa sababu presha yenyewe hushuka. Mwenye figo mbovu, mjamzito, anayenyonyesha, na mwenye kisukari cha aina ya kwanza: hili si somo lenu, msijaribu wenyewe nyumbani.

HATUA YA PILI: Mboga igeuke chakula

Mteja akifika kwangu huuliza, "Mama, kuna chakula gani?" Nikimjibu kuna samaki na mchicha, ananitazama kama sijamwelewa. "Hiyo mboga. Chakula gani?" Anataka kujua ni wali au ugali. Kwetu chakula ni kile cheupe kinachojaza sahani, vingine vyote ni vya kukisindikizia.

Sasa mtu akisikia "acha wanga", anachofanya ni kuondoa ugali na kubaki na mboga ya kiasi kilekile: kipande kimoja cha samaki, mchuzi vijiko vitatu, mchicha wa kulambia. Kile hakikuwahi kuwa mlo, kilikuwa cha kusukumia tonge. Siku ya kwanza anavumilia, ya pili anatetemeka, ya tatu anasema mwili wake "haukubali". Mwili unakubali sana, ila una njaa. Mimi mara ya kwanza nilishindia vipande viwili vya dagaa wa kukaanga na nyanya, nikajiona shujaa. Saa kumi jioni nilikuwa nakwangua ukoko wa wali kwa kijiko, nimesimama, bila hata kunawa.

Kwa hiyo ongeza. Sato mzima, si kipande. Mayai matatu, si moja. Mchicha, matembele, kisamvu au kabichi bakuli kubwa, uliotiwa tui la nazi zito au karanga za kusaga, maana mafuta ndiyo yanayoshika tumbo badala ya ugali. Bamia, bilinganya, nyanya chungu, tango, vyote ruksa. Parachichi ni rafiki mkubwa: kwenye gramu 100 wanga wake ni kama gramu 9, na karibu 7 kati ya hizo ni nyuzinyuzi ambazo hazigeuki sukari.

Wiki hizi mbili usijinyime kiasi. Kula ushibe. Kupunguza sahani kutakuja kwenyewe, njaa ikishatulia.

HATUA YA TATU: Jua kinachotoka

Nawapa hesabu ya kibandani. Kilo moja ya unga wa sembe natoa sahani tano za ugali. Unga huo una wanga zaidi ya gramu 750, maana yake kila sahani ni gramu 150 hivi. Anayepunguza wanga kwa nguvu hulenga chini ya gramu 50 kwa siku nzima. Kwa hiyo habari ya "nakula ugali kidogo tu" kwa wiki hizi iacheni.

Vinatoka: ugali, wali, chapati, maandazi, mihogo, viazi vya aina zote, ndizi za kupika na za kuiva, uji (hata wa lishe, hata wa ulezi), sukari, asali, tende, juisi. Soda ya chupa ya mililita 350 inabeba sukari kama vijiko tisa vya chai. Ugali wa dona una nyuzinyuzi kuliko sembe, ni kweli, lakini wanga uko palepale.

Angalia na vinavyojificha. Mchuzi wa hotelini mara nyingi umeongezwa unga ili uwe mzito. Sosi ya nyanya ya chupa ina sukari. Korosho ni tamu lakini wanga wake ni karibu gramu 30 kwa gramu 100, karibu mara mbili ya karanga, na korosho huwezi kula tatu ukaacha.

HATUA YA NNE: Siku ya pili hadi ya tano, hapa ndipo watu wanakufa (kwa maneno)

Kichwa kinagonga. Miguu mizito. Ukisimama ghafla unaona nyota. Hasira bila sababu. Binti anayenisaidia aliniuliza kama nimegombana na baba watoto. Watu huita homa ya keto (keto ndilo jina la kula hivi bila wanga), lakini si homa, na ukipima joto la mwili liko sawa.

Ini na misuli vina akiba ya wanga, kwa mtu mzima kama gramu 400 hadi 500, na kila gramu imeshikana na maji ya gramu 3 hivi. Akiba ikitumika, maji yanatoka. Pamoja na hayo, insulini, ile ambayo mwili wenyewe huitoa ukila wanga, huwa inaziambia figo zishike chumvi. Wanga ukipungua, insulini inashuka, figo zinaiachia chumvi kwenye mkojo. Ndiyo maana siku ya pili unakojoa kama mjamzito. Mtu anaona kizunguzungu, anakunywa maji mengi matupu, na ile chumvi iliyobaki inazidi kupungukiwa nguvu mwilini. Halafu jirani anamwambia, "Si nilikwambia, mtu bila ugali hana nguvu?" Anakula ugali, kichwa kinapoa, kesi imefungwa.

Dawa yake iko jikoni. Kama huna presha, wala ugonjwa wa moyo au figo, ongeza kama nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa siku juu ya unayokula kawaida, uigawe mara mbili. Mimi natia kwenye supu. Supu ya makongoro ya asubuhi, ile ambayo watu hushushia chapati, wewe kunywa bakuli zima na limao na chapati muachie jirani. Supu ya kuku wa kienyeji, ya samaki, ya pweza kwa watu wa Pwani, zote zinafaa. Mimi kichwa kilichonisumbua tangu asubuhi siku ya tatu kiliachia kama nusu saa baada ya bakuli la makongoro. Nilikaa kwenye ndoo nikashangaa: mara mbili nilishindwa kwa sababu ya kitu kilichokuwa kinachemka mita mbili kutoka nilipo.

Maji kunywa kwa kiu. Usijilazimishe lita tano.

Na wiki ya kwanza mizani ikishuka kilo mbili, usichinje mbuzi. Mengi ni maji. Mafuta yanafuata polepole.

HATUA YA TANO: Usianze mambo mawili

Usianze na mazoezi makali, usianze wiki ya harusi, na usianze pamoja na kufunga. Kutembea kunatosha. Kuanzia wiki ya pili wengi hupata nguvu ya kawaida, ila kwa wanaobeba mizigo au kukimbia, misuli inaweza kuchukua wiki kadhaa kuzoea.

MASWALI YA WADAU

Dada, mimi nina presha, nameza dawa kila siku. Hiyo chumvi na mimi niongeze?

Hapana mpendwa. Wewe usiongeze kwa somo langu. Nenda kliniki, waambie unachotaka kula, wakupime presha mara nyingi zaidi wiki hizi. Ukiona kizunguzungu ukisimama, huenda ni dawa iliyozidi sasa, na hiyo dozi ataipunguza daktari, si wewe wala mimi.

Shikamoo mama. Naomba kujua kuhusu maharage, maana huku kwetu Mbeya nyama si ya kila siku.

Marahaba mwanangu. Maharage yaliyopikwa, gramu 100 zina wanga kama 20 na kidogo, ingawa sehemu nzuri ni nyuzinyuzi. Wiki hizi mbili yaweke pembeni, kisha yarudishe nusu bakuli uone. Kuhusu nyama, wala usihangaike. Mayai, dagaa na karanga vinabeba wiki nzima. Na nyie wa Mbeya mna maparachichi ambayo sisi huku tunayanunua kama dhahabu!

Mke wangu anasema mdomo unaninukia tangu nianze. Ni kweli au ananionea?

Hakuonei, kaka. Mwili ukichoma mafuta hutoa ketoni, na mojawapo ni asetoni, inatoka kwa pumzi. Inanukia kama tunda lililoiva kupita kiasi, au ile dawa ya kutolea rangi ya kucha. Kwa wengi hupungua baada ya wiki chache. Tafuna karafuu au iliki. Ila mwenye kisukari akipata harufu hiyo pamoja na kutapika, tumbo kuuma na kuhema kwa nguvu, hapo si pa karafuu, ni hospitali saa hiyohiyo.

Misuli ya miguu inakaza usiku, natoka kitandani naruka kama chura.

Pole. Angalia chumvi kwanza, halafu madini ya magnesiamu: mbegu za maboga, karanga, majani ya kijani. Ukipika mchicha usimwage yale maji yake.

Choo siku ya nne hakijatoka.

Nyama na mayai tupu, sivyo? Rudisha bamia na matembele, parachichi moja kwa siku, maji.

Sisi huwa tunafunga Jumatatu na Alhamisi. Niache?

Kuacha au kutoacha ni kati yako na Mola wako, mimi nasema ya tumbo. Ningeanza kupunguza wanga kwanza, nikafunga kuanzia wiki ya tatu, mwili ukiwa umeshatulia. Wanaofanya hivyo wanasema njaa ya mchana inakuwa ndogo. Ukifuturu anza na supu yenye chumvi, na tende iwe moja.

Hizi ni habari za Wazungu. Babu zetu walikula ugali na hawakuwa na vitambi.

Babu yako alishika jembe kutwa, wewe unashika simu. Na hayo mahindi yenyewe ni mgeni hapa. Yametoka Amerika, yakafika pwani yetu baada ya Wareno. Kabla yake watu walikula mtama, uwele na ulezi, na wafugaji kama Wamasai walikaa kwa maziwa na nyama. Uzungu upo pia, sikatai: mwaka 1863 mtayarisha mazishi mmoja wa London, William Banting, alichapisha kijitabu kueleza alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, viazi na bia, na Afrika Kusini hadi leo kula hivi wanakuita kwa jina lake. Mimi sisemi ugali ni sumu. Nauuza! Nasema kama umeamua kuuacha, uache bila kuteseka.

Gauti ikoje hapa, mkuu?

Kuwa mwangalifu. Wiki za mwanzo asidi ya yuriki inaweza kupanda na kidole gumba cha mguu kikawaka maumivu. Kama imeshawahi kukushika, ongea na daktari kabla ya kuanza.

Nyumbani watoto na mzee wanakula ugali. Napika vyakula viwili?

Pika kimoja. Songa ugali wao, mboga ongeza mara mbili. Wao watakula ugali kwa mboga, wewe utakula mboga kwa mboga. Tahadhari moja tu: wakiona bakuli lako la samaki wataanza kukusogelea, hivyo jipakulie mapema.

Mama lishe, swali la uchokozi. Unapika wali kila siku. Unauonjaje?

Haha! Wiki ya kwanza niliamua sionji kabisa, nikawa nanusa tu mvuke. Siku ya tatu, na kichwa changu kile, nikatia chumvi mara mbili kwenye sufuria kubwa. Mteja wa kwanza akala vijiko viwili akaniita pembeni kwa heshima, "Mama, leo vipi, bahari imeingia?" Tangu siku hiyo anaonja binti.