Kumpokea Kasuku Mkubwa Nyumbani: Mwongozo kwa Wakazi wa Mwanza

Kabla mtu hajauliza kasuku anajua maneno mangapi, ajiulize ni nani katika ukoo wake atakayemrithi. Kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu, akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 40 hadi 60, na makau wa bluu na njano, kasuku mkubwa wa Amerika ya Kusini, naye hufikia umri kama huo. Mtu wa miaka 35 anayempokea kinda leo pale Nyegezi anaanza kazi ambayo huenda ikamaliziwa na mwanawe. Ng'ombe huuzwa na mbwa huzeeka mbele ya macho yetu, lakini kasuku hubaki, pengine akiwaita kwa majina watu waliokwisha kuzikwa. Ndiyo maana mwongozo huu unaelekea zaidi kwenye kumpokea ndege aliyekwisha kuishi na watu na ambaye sasa anatafutiwa mlezi mwingine, kwa kuwa wenye kasuku nao huhama, huugua, huzeeka, au huchoshwa na kelele ambazo hawakuzitarajia.

Tuelewane kwanza juu ya ukubwa. Kando ya ziwa letu, upande wa kusini, wapo kasuku wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa, ambao kwa kitaalamu wamepewa jina la mvumbuzi Mjerumani, Gustav Fischer. Hao si tunaowazungumzia hapa, na kuwanasa porini bila kibali ni kosa vilevile. Kasuku wa kijivu ana uzito wa gramu 400 hadi 500 hivi, na makau wa bluu na njano hukaribia kilo moja. Wapo pia kakatua, ndege weupe wenye kishungi, wapenda kubembelezwa kupita kiasi, ambao sauti yao ya alfajiri inaweza kuvunja ujirani wa miaka. Kwa nyumba za Mwanza, hasa zile zilizopandana kwenye miamba ya Mabatini na Bugarika ambako dirisha la huyu ni ukuta wa yule, maoni yangu ni kwamba kasuku wa kijivu ndiye anayevumilika. Makau na kakatua wanamfaa mwenye uwanja mpana na jirani wa mbali. Hata hivyo kasuku wa kijivu ana udhaifu wake: ni mwoga wa mabadiliko, na akikosa shughuli au akiishi katika hofu hujinyonyoa manyoya mpaka kifua kibaki ngozi tupu.

Jambo linalopaswa kutangulia mengine yote ni asili ya ndege. Kasuku wa kijivu wa porini huishi katika misitu kuanzia Afrika Magharibi, kupitia Kongo na Uganda, mpaka kona ya kaskazini-magharibi ya nchi yetu. Kwa miaka mingi wamenaswa kwa nyavu na ulimbo, wakasongamanishwa kwenye masanduku, na wengi wakafia njiani kabla ya kufika kwa mnunuzi. Mwaka 2016, katika mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe wa porini walio hatarini, uliofanyika Johannesburg, nchi wanachama zilikubaliana kumhamishia kasuku huyu kwenye Orodha ya Kwanza, yenye ulinzi mkali kuliko zote, na kuanzia Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliotolewa porini ikapigwa marufuku. Hapa kwetu wanyamapori wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na kumiliki mnyamapori bila nyaraka kunaweza kumfikisha mtu mahakamani hata kama alipewa zawadi na shemeji yake. Wako kasuku wa kijivu waliokamatwa kwa wasafirishaji haramu ambao hatimaye waliachiwa katika Kisiwa cha Rubondo, na anayetembelea hifadhi hiyo anaweza kuwaona wakiruka huru juu ya miti. Ndege wako asiwe mwenzao aliyefichwa.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata nauli, nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya au kwenye ofisi ya TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, ueleze ni ndege wa aina gani, yuko kwa nani, na uulize ni kibali gani kinachohitajika ili umiliki wake uhamie kwako. Kisha mwombe mwenye ndege akuonyeshe karatasi zake. Utazame na mguu wa kasuku: aliyezaliwa kwenye ufugaji mara nyingi huvikwa pete ya chuma isiyo na maungio, ambayo hupita mguuni wakati kinda angali mdogo sana na baadaye haiwezi tena kutoka wala kuingizwa, na namba yake inapaswa kulingana na iliyo kwenye karatasi. Mtu anayekuletea kasuku usiku, kwa bei ya kutupa, akisema karatasi zitafuata, mwache aende zake. Usimnunue hata kwa huruma, kwa maana fedha ya huruma ndiyo inayomrudisha mtegaji msituni.

Ukiridhika na asili, usimchukue ndege siku ya kwanza. Mtembelee angalau mara tatu, kwa saa tofauti, na mojawapo iwe alfajiri au jioni, kwa sababu hizo ndizo saa za kelele na anayemwona kasuku saa sita mchana akisinzia hajamjua. Simama mbali umtazame kabla hajazoea uwepo wako, kwani ndege anayeumwa hujitahidi kuficha udhaifu mbele ya mgeni. Macho yawe maangavu, pua ziwe kavu na wazi, na manyoya ya kuzunguka tundu la haja yawe safi. Akiwa ametulia, mkia wake usipande na kushuka kwa kila pumzi, kwa kuwa hiyo ni dalili ya kupumua kwa taabu. Mwombe mwenyeji amshike, nawe upapase mfupa wa kidari: ukichomoza kama makali ya kisu, ndege amekonda, usipousikia kabisa, amenenepeshwa kwa karanga na alizeti. Kuhusu umri, kasuku wa kijivu mchanga ana jicho jeusi au la kijivu kizito, ambalo hugeuka taratibu kuwa la manjano hafifu kadiri anavyokua, na mara nyingi huwa limekamilika kabla hajafika miaka mitatu. Baada ya hapo jicho halikwambii tena kitu, na anayeapa kwamba ndege mwenye jicho la njano ana mwaka mmoja anakudanganya. Dume na jike hawatambuliki kwa macho. Wenye kuhitaji uhakika hupima vinasaba.

Usikatae ndege kwa sababu tu ana kifua kilichonyonyoka, lakini uliza kilianza lini na nini kilibadilika nyumbani wakati huo. Uliza pia anakula nini kwa kweli, si anachopaswa kula. Anamchukia nani, kwa sababu kasuku wengi huwa na jinsia au umri wasioupenda. Amewahi kumuuma nani na ilikuwaje. Analala saa ngapi. Na anasema nini. Swali hili la mwisho si la mzaha. Ninamfahamu kasuku mmoja wa Kirumba aliyekuwa akiitikia "karibu" kila mgeni alipopiga hodi, na wageni wakakaa barazani nusu saa wakimsubiri mwenye nyumba ambaye hakuwepo. Wapo wengine waliojifunza matusi yote ya ugomvi wa ndoa, na maneno hayo hayafutiki kwa urahisi.

Nyumba yako nayo ikaguliwe kwa ukali uleule. Mapafu ya ndege hufyonza hewa kwa ufanisi mkubwa kuliko ya binadamu, na sumu iliyomo hewani humfikia upesi. Kikaango kisichogandisha kikiachwa jikoni mpaka kikapata moto kupita kiasi hutoa moshi usioonekana unaoweza kumuua kasuku kwa dakika chache, hata kama yuko chumba cha pili. Jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa, dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya kupuliza na udi mwingi ni hatari pia. Kwa mji wenye mbu kama wetu, suluhisho ni nyavu madirishani, ambazo pia zitamzuia asirushwe na upepo wa ziwa na kuangukia kwa mwewe wanaozunguka mwalo. Ukifuga kuku, banda lao liwe mbali na usihudumie pande zote mbili kwa nguo zilezile, kwa maana kideri huambukiza kasuku. Naye kasuku anaweza kumwambukiza binadamu homa yake, inayofanana na mafua makali au nimonia. Ukiugua hivyo mwambie daktari kwamba unafuga ndege. Mwenye pumu afikirie mara mbili, kwa sababu kasuku wa kijivu na kakatua hutoa unga mweupe wa manyoya kila siku.

Tundu liwe na upana usiopungua sentimita 90, kina cha 60 na kimo cha 120 kwa kasuku wa kijivu, nafasi kati ya nondo isizidi sentimita 2.5, na lisitengenezwe kwa wavu wa kuku, kwani zinki yake ikitafunwa ni sumu. Matawi ya mpera yenye unene tofauti yanafaa kuliko kijiti laini cha duka.

Chakula ndicho mahali ambapo kasuku wengi huharibiwa kwa upendo. Alizeti ni nafuu katika masoko yetu na ndege huipenda kuliko kitu chochote, lakini anayelishwa alizeti na karanga pekee hupungukiwa vitamini A na madini ya chokaa. Kasuku wa kijivu hasa, damu ikipungukiwa chokaa, huweza kuanguka kwa degedege. Mpe kila siku mchicha, matembele, karoti, boga, papai na viazi vitamu vya rangi ya chungwa vilivyochemshwa, pamoja na choroko au maharage yaliyoiva vizuri, mahindi mabichi, mtama na ulezi. Porini ndege huyu hula matunda ya michikichi, kwa hiyo matone machache ya mawese mekundu kutoka Kigoma juu ya chakula chake mara chache kwa wiki yanamfaa. Parachichi asiguse kabisa, wala chokoleti, kahawa, pombe, vitunguu na vyakula vya chumvi, dagaa waliotiwa chumvi wakiwemo. Aote jua la asubuhi nje ya kioo, akiwa na kivuli cha kukimbilia, kwa sababu kioo huzuia miale inayomsaidia kuitumia chokaa hiyo.

Siku ya kumhamisha, msafirishe asubuhi ndani ya kisanduku imara chenye hewa, kwenye gari na si bodaboda, ukichukua tundu lake la zamani na chakula alichozoea. Muandikiane hati ya makabidhiano mbele ya mashahidi. Wiki ya kwanza usimlazimishe kupanda mkononi. Kaa karibu, zungumza naye kwa sauti ya kawaida, mpe kitamu kupitia nondo, na giza likiingia saa moja mfunike apate saa kumi hadi kumi na mbili za usingizi. Huenda akaita jina la mlezi wake wa zamani kwa miezi. Muitikie tu. Mpime kwa mizani ya jikoni kila asubuhi kabla hajala na uandike gramu kwenye daftari. Akipungua sehemu moja ya kumi ya uzito wake, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo ukiwa na daftari, kwa sababu madaktari wengi wamezoea kuku na ng'ombe, na takwimu zako zitawasaidia kuliko maelezo. Daftari hilo likae kwenye bahasha moja na kibali chake na hati ya makabidhiano, na yule ndugu utakayekuwa umemchagua kuwa mrithi aonyeshwe kabatini inakowekwa.