Pikipiki ya zamani, safari ndefu: pima oili ukifika Same
Wenzangu wa pikipiki kubwa za zamani, hasa zile injini zinazopozwa na upepo: oili uliyoipima Moshi asubuhi siyo utakayofika nayo Korogwe. Injini iliyochoka ikikimbizwa saa nyingi inakula oili, hata kama mjini hujawahi kuiona ikitoa moshi.

Mimi nasimama Same, na joto la pale mnalijua. Zima, agiza chai, subiri dakika 5 hivi oili ishuke. Kisha pandisha pikipiki kwenye stendi ya kati, mahali tambarare. Ikilalia stendi ya pembeni kipimo kinadanganya. Futa kijiti cha kupimia oili, kirudishe, chomoa, soma. Kuna injini kijiti unakikalisha tu bila kukikaza, nyingine unakaza, kwa hiyo angalia kitabu chake. Ongeza kidogo kidogo, usivuke alama ya juu. Oili ya akiba, nusu lita ya aina ileile, ikae kwenye begi.

Upepo wa tairi pima nyumbani kabla hujaondoka, tairi likiwa la baridi. Cheni ndiyo kinyume: ipake mafuta jioni ukishafika, ingali na joto.