Ikague njia ya mteremko mvua inaponyesha

Kinachoua njia za miguu huku kwetu Newala, mkoani Mtwara, ni maji, miguu inamalizia tu. Kwa hiyo kikundi chenu cha kujitolea kikitaka kukagua njia, kitoke wakati wa mvua. Kusini tuna msimu mmoja, Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi, na ikifika Machi ardhi imeshashiba. Kiangazi utaona korongo. Machi utaona maji yanaingilia wapi, na hapo ndipo pa kutibu.

Uwanda wa Makonde una udongo wa kichanga, mvua inazama, chemchemi zinatokea chini kwenye miteremko. Tangu zamani watu wanashuka kufuata maji na mashamba ya bondeni kuelekea Mto Ruvuma. Njia hizi ni uhai wa watu, si za wageni wanaokuja kutazama bonde la Shimo la Mungu peke yao.

Kwanza mwoneni mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, kisha wenye mashamba yanayopakana na njia. Kwenye hifadhi, kama kule Rondo mkoani Lindi, msikate hata kijiti bila ruhusa ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania.

Kukagua, watatu wanatosha: mwenye daftari, mwenye simu ya kupiga picha, na mwenye fimbo ndefu iliyonyooka na futi. Palipochimbika, laza fimbo toka ukingo hadi ukingo, pima toka kwenye fimbo hadi chini. Andika kina, upana, na jina la mahali kama wenyeji wanavyopaita. Namba za GPS andika pia, lakini watakaokuja na majembe watauliza mwembe uko wapi.

Kazi yenyewe ifanyike Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Korosho zikianza kudondoka humpati mtu, na ni haki yao.

Anzeni juu. Chimbeni mtaro unaokatiza njia kimshazari kuelekea bondeni, na upande wake wa chini mpange mawe makubwa, yazikwe mpaka yasitikisike ukiyakanyaga. Mtaro ukiwa umelala mno, mchanga unatuama na kuuziba. Ukiwa umesimama mno, maji yanapata kasi na kuchimba upya. Mwageni ndoo ya maji hapo hapo muone yanaelekea wapi. Mdomo wa mtaro uwe mpana, uishie kwenye majani, kamwe si kwenye mikorosho ya mtu. Mteremko ukizidi ukali, mitaro isogeleane.

Mkiweka ngazi njiani, nawasihi, msipime kwa miguu ya vijana wenye majembe. Mwombeni mama mmoja apande na ndoo iliyojaa kichwani. Haoni anapokanyaga, na hawezi kuinama. Kidato kikiwa kirefu, anainua goti, mwili unayumba, maji yanamwagikia shingoni. Kesho atapita pembeni, wenzake watamfuata, na hapo pembeni ndipo korongo jipya litakapoanzia. Punguzeni urefu wa kidato, ongezeni vidato. Matawi nayo yapunguzwe mpaka juu ya ndoo na mkono unaoishika, mkishakubaliana na mwenye mti.

Mvua za kwanza zikishanyesha, mtu apite na jembe kuzibua midomo ya mitaro, maana mchanga wa huku unaijaza upesi. Wagawieni watu mitaro iliyo karibu na nyumba zao, kila mmoja ajue wake.