Jinsi ya Kuomba Uanagenzi Uliosajiliwa wa Ufundi Umeme Nchini Marekani

Miaka yangu miwili ya kwanza ya kazi ya umeme Marekani haimo kwenye karatasi yoyote. Nilivuta waya, nikapinda paipu, nikafunga breka, na kila Ijumaa nililipwa. Siku nilipokwenda kuulizia leseni, nikaambiwa nilete uthibitisho wa saa nilizofanya kazi. Mwajiri wangu hakuwa ameandika hata moja. Nikaanza upya, safari hii kama mwanagenzi aliyesajiliwa, na sitaki hayo yakupate.

Uzito wote uko kwenye neno "kusajiliwa". Programu hizi zina msingi katika sheria ya taifa ya mwaka 1937, na husajiliwa na Wizara ya Kazi ya Marekani au, katika baadhi ya majimbo, na ofisi ya uanagenzi ya jimbo lenyewe. Unalipwa tangu siku ya kwanza, mshahara unapanda kwa ngazi, unafanya kazi chini ya fundi kamili, na unasoma darasani. Kiwango kinachopendekezwa ni saa 144 kwa mwaka. Kwa fundi umeme safari ni miaka 4 hadi 5, mara nyingi saa 8,000 za kazi. Ukimaliza unapata cheti kinachotambulika nchi nzima. Leseni ni jambo jingine, maana kila jimbo lina utaratibu wake, lakini mara nyingi saa hizo ndizo zinazokuruhusu kukaa kwenye mtihani wa leseni.

Anza kwenye tovuti ya apprenticeship.gov, utafute programu za umeme zilizo karibu nawe. Utakuta za chama cha wafanyakazi cha IBEW kwa ushirikiano na wakandarasi wa NECA, na nyingine za vyama vya wakandarasi kama IEC na ABC. Piga simu uulize mambo matatu: imesajiliwa wapi, maombi hufunguliwa lini, na ada ya masomo analipa nani. Kuna wanaopokea maombi mwaka mzima, na kuna wanaofungua dirisha kwa muda mfupi tu. Omba zaidi ya programu moja.

Andaa kitambulisho, kibali cha kufanya kazi, cheti cha sekondari au GED (cheti cha mtihani kinacholingana nacho), na matokeo yanayoonyesha ulisoma aljebra mwaka mzima ukafaulu. Umri unaotakiwa kwa kawaida ni miaka 18, na wengi hutaka leseni ya udereva. Kama ulisoma nje ya Marekani, uliza mapema kama vyeti vyako vinahitaji kufanyiwa tathmini. Kazi hiyo huenda polepole, na nimeona watu wenye uwezo mkubwa wakipitwa na dirisha kwa kusubiri karatasi hiyo moja.

Kisha mtihani. Ule wa programu za IBEW na NECA una sehemu mbili: maswali 33 ya aljebra kwa dakika 46, na maswali 36 ya ufahamu wa kusoma kwa dakika 51. Hesabu hizo si ngumu kwa aliyezizoea. Kinachoangusha watu ni muda, kwa sababu hufikishi hata dakika moja na nusu kwa swali. Fanya mazoezi saa ikiwa mbele yako. Na usidharau sehemu ya kusoma: kama Kiingereza ni lugha yako ya tatu, ipe wiki nyingi kuliko hesabu.

Ukifaulu unaitwa kwenye usaili. Eleza kazi ulizofanya kwa mikono yako, hata kama ni kusaidia kufunga taa. Baada ya hapo unaweza kuwekwa kwenye orodha kwa alama na kusubiri kwa miezi.

Ukiitwa, utatia sahihi makubaliano ya uanagenzi. Yasome yote: muda, ngazi za mshahara, na kipindi cha majaribio, ambacho hakiruhusiwi kuzidi mwaka mmoja wala robo ya muda wa programu. Kabla ya kushika kalamu, uliza kama uzoefu wako wa awali unaweza kuhesabiwa. Kanuni za taifa zinaruhusu, lakini bila ushahidi wa maandishi hutafika popote, kama nilivyojionea.

Ukishaanza kazi, jaza saa zako kila wiki, usingoje mwisho wa mwezi. Daftari langu lina safu nne: tarehe, saa, aina ya kazi, na sahihi ya fundi niliyekuwa chini yake. "Kupinda paipu, saa 6, kuunganisha paneli, saa 2." Kila Ijumaa kabla ya kupanda gari nampelekea fundi atie sahihi, kisha napiga picha ukurasa mzima, kwa sababu fundi huhamishwa na daftari hulowa mvua.